Mwaka wa Kupasua Miamba

Simu ya msiba ilinikuta nimelala mchana, tabia niliyoianza tangu nistaafu na ambayo siionei haya tena. Alikuwa Lameck, dereva wetu wa zamani, na kama kawaida yake hakuzunguka. Mzee Masudi amefariki alfajiri, anazikwa leo alasiri, msiba uko nyumbani kwake Ihumwa. Nikamwambia nakuja. Kisha nikabaki nimekaa ukingoni mwa kitanda, miguu chini, sina nguvu hata ya kutafuta kanga. Machozi hayakuja. Kilichonijia ni uchovu, ule wa kubeba kitu kwa miaka mingi mpaka mkono ukasahau kwamba unaweza kukiachia. Nilifanya kazi na Mzee Masudi mwaka mmoja tu. Baada yake nilifanya kazi na watu wengi, mpaka wakanikabidhi saa ya ukutani na kuniaga kwa hotuba, lakini ukiniuliza nilijifunzia wapi kuishi na watu, mazuri yake na mabaya yake, nitakutajia mwaka ule.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimetoka chuo cha maji na cheti mkononi na viatu vya kisigino visivyofaa kwa lolote, nikapangiwa kikosi cha kufufua visima. Tulikuwa watatu wa kudumu: Mzee Masudi fundi mkuu, Lameck dereva na mtu wa pampu, na mimi mwandishi. Vibarua tuliwapata huko huko vijijini. Nchi yetu hii ya kati imekaa juu ya mwamba, na kisima kirefu kilichochimbwa kwa shangwe mwaka huu kinaweza kukuchoka mwaka ujao. Vingine vilikuwa vimeziba kwa chokaa nyeupe iliyoganda kwenye chujio huko chini. Hivyo tuliviosha kwa asidi. Tulimimina kwa mpira mrefu mpaka chini, tukakaa upande upepo unakotoka, tukasikia kisima kikichemka tumboni, na kesho yake tukavuta maji mpaka yatoke safi. Vingine ugonjwa wao ulikuwa mwamba wenyewe, mgumu, wenye nyufa ndogo ndogo zisizofikiana. Hivyo tulivipasua. Unashusha kizibo cha mpira ndani ya kisima, unakitunisha kibane ukuta wa mwamba, halafu pampu ya lori inasukuma maji chini ya kizibo kwa presha ya kutisha. Kazi yako ni kutazama mshale wa geji. Unapanda, unapanda, mabomba yanatetemeka, Lameck anaacha kutafuna muwa, kisha ghafla mshale unaanguka. Hapo mwamba umeachia, ufa umefunguka na kukutana na nyufa nyingine zenye maji. Hakuna mlio wowote. Wanakijiji waliokuja kusikiliza mlipuko waliondoka wamenuna.

Mzee Masudi alikuwa mtu wa mjini Dodoma, wa zile familia ambazo babu zao walikuja na biashara za misafara wakabaki. Alivaa kofia safi na shati lililopigwa pasi hata tulipokuwa porini siku kumi, na hakuna aliyejua anapiga pasi saa ngapi. Lakini sifa yake ilikuwa ulimi. Kipimo cha chumvi cha ofisi kilikuwa kimeharibika kabla sijaajiriwa, na chupa za maji tulizopeleka maabara zilirudi na majibu wakati sisi tuko kijiji cha tatu. Kwa hiyo mkoa mzima ulitegemea ulimi wa Mzee Masudi. Maji mapya yakitoka na kutulia, hakuna mtu aliyegusa. Yeye alitoa kikombe chake cha bati, akakinga, akaonja, akakaa kimya kidogo kama anayesikiliza, kisha akatamka neno moja. Tamu. Au chumvi. Au ya mifugo. Mimi naandika kwenye daftari la kisima, yeye anatia saini, na neno lile ndilo linalokwenda ofisini. Mabwana wakubwa waliosoma kuliko sisi wote walilikubali bila swali, kwa sababu kwa miaka yote halikuwahi kukosea.

Katikati ya kiangazi tulikuwa Kongwa, tumepanga vyumba vitatu vya uani kwa mama mmoja mfanyabiashara wa karanga. Chumba changu kilikuwa stoo yake, nililala katikati ya magunia, na mpaka leo harufu ya karanga mbichi inanirudisha kwenye kile kitanda cha kamba. Kupika lilikuwa jukumu langu. Hakuna aliyenipangia, lakini hakuna aliyedhani pia kwamba lingekuwa la mwingine, na mimi nilikuwa bado sijajifunza kuuliza. Mchana mmoja, baada ya wiki nzima ya kuosha visima kwa asidi, nilipika ugali wa uwele na mlenda nikiwa nimechoka kiasi kwamba nilisahau chumvi kabisa. Lameck alimega tonge la kwanza akaniangalia kama niliyemtukana mama yake. Mlenda bila chumvi hata mbuzi anaukataa. Nikainuka kwenda kuleta chumvi, huku najitetea, na nyuma yangu nikamsikia Mzee Masudi akisema kwa upole kabisa kwamba leo binti umepatia, mboga imekaa sawasawa. Lameck alicheka, akidhani ni utani wa kunitetea. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeona jinsi anavyokula, bila kusita, na nikakumbuka kwamba kwa siku kadhaa alikuwa akinywa chai isiyo na sukari bila kuulizia sukari.

Sijui kama ni mvuke wa ile asidi, alioukalia miaka mingi kabla watu hawajaanza kujali upepo unatoka wapi, au ni umri tu. Nilichojua ni kwamba ule ulimi ulikuwa umekufa, na kwamba mimi peke yangu ndiye ninayejua. Ningeweza kumuuliza. Lakini nitamuuliza vipi mtu wa umri wa baba yangu, ambaye nampa shikamoo kila asubuhi kwa kupiga goti kidogo, kwamba mzee, je, bado unaonja? Nikanyamaza, nikajiambia naitunza heshima yake. Kuanzia siku ile niliongeza umakini kwenye chumvi, ili Lameck asije akagundua.

Wiki hiyo hiyo Mzee alibadilisha kidogo utaratibu wake. Alikinga maji, akaonja, halafu kabla ya kutamka lolote akanipa mimi kikombe. Alisema mwandishi asiandike asichokijua. Niliona fahari, sitaficha. Hakuna mwanamke aliyewahi kunywa kutoka kikombe kile, wala mwanaume. Kisima cha kwanza maji yalikuwa mazuri, nikameza, naye akasema tamu. Cha pili, karibu na ranchi, yalikuwa machungu ya magadi, nikakunja uso na kutema pembeni, naye akasema ya mifugo. Nilishusha pumzi. Nikaamini kwamba labda ulimi wake umekufa kwa chakula tu, na kwa maji bado uko hai, kama mtu asiyeona karibu lakini mbali anaona. Ujana una uwezo mkubwa wa kuamini kinachourahisishia kazi.

Mwisho wa kiangazi tukapelekwa kijiji kimoja upande wa Haneti. Jina lake sitalitaja, watanisamehe. Walikuwa na kisima kimoja kirefu, cha zamani, kilichotoa ndoo chache alfajiri na kukauka kabla jua halijapanda. Maji yale machache yalikuwa matamu sana. Waliyagawana kwa zamu, na zamu zilisimamiwa na mwenyekiti wa kamati ya maji, Mama Ndahani, mwanamke mrefu mkavu ambaye Kiswahili chake kilikuwa kifupi na kila neno lilikuwa limepimwa. Asiyekuwa na zamu alikwenda kufukua mchanga wa korongo, mwendo wa asubuhi nzima. Tulikaa kwenye stoo ya kijiji siku nne. Usingizi haukuwapo, maana tangu kabla ya mapambazuko wanawake walipanga ndoo nje ya ukuta wetu, na niliwasikia wakizungumza kwa Kigogo na kucheka kidogo, wakihesabu nani atapata. Mama Ndahani alituletea kuku na dumu la maji ya kupikia. Lameck aliniambia baadaye kwamba lile dumu lilikuwa zamu yake ya siku mbili.

Siku ya tatu tulipasua. Tulishusha kizibo chini kuliko kawaida, kwa sababu juu mwamba ulikuwa umekataa, na mshale ulipanda mpaka Lameck akamtazama Mzee kuomba ruhusa ya kuzima. Mzee akatikisa kichwa kukataa. Halafu mshale ukaanguka. Tulipovuta maji asubuhi ya siku ya nne, yalitoka mengi kiasi ambacho sikuwahi kuandika mwaka ule. Yaliruka kwenye mdomo wa bomba, yakachimba shimo kwenye vumbi, yakaanza kutiririka kuelekea shuleni, na watoto wakayafuata. Kijiji kizima kilikuwa pale. Mtendaji wa kijiji amevaa koti. Mchungaji amefika. Mbuzi amefungwa kwenye nguzo akingoja hatima yake. Wanawake walianza kuimba, na Mama Ndahani, ambaye sikuwahi kumwona akitabasamu, alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja.

Mzee Masudi akakinga, akaonja, akanipa kikombe. Nyimbo zikakatika. Nikanywa. Yalikuwa ya chumvi. Haikuwa chumvi kidogo ya kuzoeleka, ilikuwa ile inayokwaruza koo na kukupa kiu zaidi. Ule ufa tuliofungua chini ulikuwa umekwenda kukutana na maji mabaya, na sasa yalikuwa yanapanda kuchanganyika na yale machache matamu ya juu. Nilijua la kufanya. Tulifundishwa chuoni, na Mzee mwenyewe alikuwa amenieleza mara mbili: unashusha saruji, unaziba sehemu ya chini, unawarudishia ndoo zao chache za alfajiri. Ni kazi ya siku moja na nusu, na mifuko ya saruji ilikuwa kwenye lori. Yote hayo yalinipitia kichwani maji yakiwa bado mdomoni. Na macho yote yale yakinitazama, mtendaji, mchungaji, wale wanawake, na Mzee Masudi amesimama mbele yangu na kofia yake safi, nikaona kwamba nikitema nitakuwa nimemtemea yeye. Yeye ndiye wa kusema. Mimi ni nani? Nikameza. Nikahakikisha uso wangu umetulia, kama msichana aliyelelewa vizuri.

"Tamu," akasema Mzee Masudi.

Sina haja ya kueleza vigelegele. Niliandika neno lile, naye akatia saini. Walichinja yule mbuzi, tukala, tukaanza kufunga vifaa. Ni wakati nakunja mipira ndipo Mama Ndahani alipokuja na kibuyu chake kidogo. Alikuwa amekinga mwenyewe, ameonja mwenyewe. Hakuwa na hasira. Alikuwa na wasiwasi wa mtu anayedhani kosa huenda liko kinywani mwake.

"Binti," akaniuliza, "na wewe umeonja?"

"Nimeonja, mama."

"Ukaonaje?"

"Mzee ameshasema," nikamjibu.

Alinitazama kidogo, akaitikia kwa kichwa, akaondoka na kibuyu chake. Nimejibiwa vibaya na watu wengi maishani, nimefokewa na wakubwa, nimetukanwa na ndugu, lakini hakuna jibu baya kuliko hilo nililolitoa mimi mwenyewe, kwa adabu, nimeinamisha kichwa. Lori likaondoka saa nane mchana na mifuko yote ya saruji.

Malalamiko yalifika ofisini baada ya miezi miwili, yameandikwa kwa mkono wa mwalimu wa shule. Watu walikuwa wameyanywa yale maji wiki kadhaa kwa kuamini, wakiambiana kwamba fundi hawezi kukosea, mpaka matumbo yakawashinda. Sasa ng'ombe ndio waliokuwa wakiyanywa, na watu wote walikuwa wamerudi kwenye mchanga wa korongo, hata wale waliokuwa na zamu. Chupa ya maabara nayo ikarudi na majibu yale yale. Kikosi kilikuwa kimeshapangiwa mkoa mwingine, kisima kimeshaandikwa kuwa kimekamilika, na mkubwa wetu alikuwa hataki kusikia habari ya kurudi nyuma. Alitaka mtu. Mzee Masudi aliitwa, akaulizwa kama saini ni yake, akasema ni yake. Akaulizwa kama kuna mwingine aliyeonja, akasema kuonja ni kazi ya fundi. Nilikuwa chumba cha pili, mlango uko wazi, nikinakili ripoti. Nilisikia kila neno, na niliendelea kunakili.

Wakamwondoa porini, wakamweka stoo ya yadi, ahesabu mabomba mpaka astaafu. Nilikwenda kumwona siku moja mchana. Alikuwa amekaa juu ya rundo la mipira, shati limepigwa pasi, mbele yake sahani ya wali na maharage ambayo mkewe, Bi Zuhura, alimletea kila siku. Akanikaribisha. Nikanawa, nikakaa, tukala pamoja kama tulivyokula mwaka mzima.

"Mbona ulimeza?" akaniuliza.

Hakuwa amekasirika. Aliuliza kama mtu aliyeifikiria hesabu kwa wiki nyingi ikamshinda kufunga. Nikamwambia niliona haya, watu walikuwa wengi.

"Mimi nilikuwa nakutazama wewe," akasema. "Ulimi wangu ulikufa Kongwa, na wewe ulijua. Nilidhani tumeelewana."

Hapo ndipo nilipoelewa kikombe kile kilikuwa cha nini. Yeye aliona haya kuniomba, mimi niliona haya kumwambia, na kati ya haya zetu mbili kijiji kikapoteza maji. Nilianza kulia. Nikasema nitakwenda kwa mkubwa sasa hivi, nitamweleza yote. Aliusogeza wali upande wangu akasema nile, chakula kinapoa. Sikwenda siku ile, wala kesho yake. Mwezi huo huo barua yangu ya kuthibitishwa kazini ilitoka. Niliisoma mara nyingi, nikaiweka kwenye bahasha, na nikawa mtumishi wa serikali.

Nilifika Ihumwa wameshatoka makaburini. Turubai la bluu limefungwa kati ya nyumba na ukuta, wanaume wamejaa kwenye viti vya plastiki, treni moja inapita kwa mbali. Nikaingia ndani kwa wanawake. Bi Zuhura alikuwa chumbani ameshakaa eda, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, tasbihi mkononi. Nilimpa mkono wa pole nikakaa chini kwenye mkeka kando yake. Dirisha lilikuwa wazi, na sauti za wanaume ziliingia zote. Walikuwa wakimsimulia marehemu, visima alivyofufua, ulimi wake, na mmoja, ambaye nadhani alikuwa naye yadi, akasema lakini kuna kimoja kilimshinda, upande wa Haneti, aliwapa watu magadi akawaambia ni asali. Wakacheka. Kilikuwa kicheko cha upendo, cha msibani, na kilinichosha kupita kiasi. Nikamwinamia Bi Zuhura nikamwambia kwa sauti ndogo kila kitu, Kongwa, kikombe, uso wangu uliotulia. Nilichukua muda mrefu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kusimamisha tasbihi.

"Hayo aliniambia mwaka ule ule," akasema. "Wasiojua wako nje."

Nikafunga kanga vizuri nikatoka. Mwanamke hana shughuli kwenye turubai la wanaume, kwa hiyo waliponiona nimesimama pale walinyamaza wenyewe, na Lameck akainuka akidhani nimeugua. Nikawaambia kwamba marehemu hakukosea kile kisima. Nikawaambia yeye alikuwa hasikii tena ladha, mimi ndiye niliyeonja, yalikuwa ya chumvi, nikameza nikanyamaza, naye akabeba lawama. Sikulia. Nilitegemea mtu atanifokea, au angalau atatikisa kichwa, na nilikuwa tayari, nilikuwa nimejiandaa kwa hilo tangu nikiwa msichana. Yule aliyesimulia akatazama chini. Mzee mmoja akasema Mungu amrehemu. Ni Lameck aliyekaa tena kitini polepole, mikono magotini, akiniangalia kama siku ile ya mlenda.

"Sasa wale watu," akauliza, "mpaka leo wanakunywa nini?"

Nilikaa ofisi ya maji maisha yangu yote ya kazi. Faili la kijiji kile lilikuwa kwenye kabati la pili kutoka mezani kwangu. Nikamjibu kwamba sijui.